Benchi la Mlangoni

14 Januari

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Najua hujaniamkia bado, lakini ukifungua barua hii utaniamkia tu, kwa hiyo naitikia mapema. Hapa sote wazima. Ila goti langu la kushoto limeanza ukorofi tena, likiamka vibaya linakataa kabisa kukanyaga cherehani, nami nimezungukwa na sare za shule mpaka mlango haufunguki vizuri. Wazazi wote wamegundua siku moja kwamba watoto wao wamerefuka. Kuna mama kaniletea kitambaa Ijumaa jioni anataka sketi mbili Jumatatu. Nikamwambia, dada, hata dunia haikuumbwa kwa haraka hivyo. Akacheka, nikadhani tumeelewana. Jumatatu alfajiri huyo, yuko mlangoni anagonga.

Baba yako mzima. Anakwenda karakana, anaranda mbao zake, anarudi, analala. Ndiyo hivyo.

Kwaya imepooza. Sauti ya pili wamebaki wawili, mmoja ana kikohozi kisichoisha na mwingine anaimba ya kwanza bila kujua, na hakuna mwenye moyo wa kumwambia. Wakianza tu, mimi nakusikia wewe palepale ambapo hupo. Najifanya natafuta leso.

Sasa nikuulize, na usiniruke: utakuja lini? Miaka sita hii. Kifaranga wako namjua kwa picha tu, kana kwamba ni mtoto wa gazetini. Kitanda chako nimekitandika, kila Jumamosi nabadilisha shuka ambazo hajazilalia mtu. Jirani ananiona nimeanza kuchanganyikiwa, na mwache anione. Njoo, Chiriku. Mimi sina mwingine wa kumpigia kelele.

Shangazi yako, mwenye goti baya

6 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ndiyo, nimekuamkia, tena kwa sauti, mpaka Kifaranga akauliza naongea na nani. Nikamwambia Bibi Cherehani. Hilo ndilo jina alilokupa mwenyewe. Ameng'oka jino la mbele na sasa kila neno lenye S linatoka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Ana afya, ana maswali, na anakula kuliko mimi.

Kazi inaendelea. Wamenifanya mkuu wa jiko, usiniulize kwa nini, labda kwa sababu mimi ndiye pekee ninayefika kabla ya moto kuwashwa. Napikia hospitali nzima, Shangazi. Nina sufuria ambayo ukiingia ndani tutakutafuta. Naimba nikikoroga, na wodi ya wanaume iko ng'ambo ya uchochoro tu, basi wenye nguvu wanaitikia. Kuna mzee mmoja aliyevunjika mbavu anaimba besi, muuguzi anamkataza, yeye haachi.

Wodi ya wanawake kuna mama amelazwa kitanda cha dirishani. Hana mgeni. Wenzake saa ya kutazamwa wanajaa watu mpaka kwenye miguu ya kitanda, yeye anageukia dirishani anahesabu majani ya mti. Zamu yangu ikiisha nampelekea chakula mwenyewe na kumlisha. Hana shukrani hata kidogo. Ananiambia chumvi imepungua, ananiambia nimekonda, ananiambia nifunge kitambaa vizuri kichwani. Nampenda, jamani. Labda ni kwa sababu ananigombeza kama wewe.

Kanisa lipo karibu, tunakwenda. Lakini kwenye Meza ya Bwana siendi. Mchungaji wa hapa hajui habari zangu, ningeinuka na wengine, nani angejua? Ila mimi nilitengwa nyumbani, Shangazi, na nyumbani ndiko nataka kurudishwa. Bado naisikia ile Jumapili. Mimba yangu imeonekana, nimeketi benchi la mlangoni na waliotengwa wenzangu, na jina langu linasomwa mbele ya watu wote. Na anayelisoma ni baba. Angeweza kumpa mzee wa kanisa mwenzake alisome. Alilisoma mwenyewe, na sauti haikutetemeka.

Kuja, siwezi. Usiniulize sababu. Na tafadhali usimsomee baba barua zangu wala usimwambie nimeuliza habari zake. Niahidi.

Lakini mimi nauliza: bado ndiye anayegawa vile vikombe vidogo vya Meza?

Mwanao, Chiriku

2 Machi

Chiriku,

Marahaba, mama. Nimecheka na hilo la sufuria mpaka nikajichoma sindano. Mwambie Kifaranga Bibi Cherehani anamshonea gauni la rangi ya chungwa, na mfukoni nitamtilia kitu, asikuonyeshe.

Nimekuahidi. Sitamsomea.

Cherehani lilikata mkanda wiki iliyopita, katikati ya mkunjo. Nilizunguka mjini kutwa nzima natafuta mkanda mwingine, wauza vipuri wote wananiangalia kama nimeleta mnyama aliyekufa. Mwisho nikapata kwa kijana mmoja anayeuza vitu vya baiskeli, si wa cherehani lakini unazunguka. Unapiga kelele kidogo. Mvua nayo imeanza, paa la jikoni linavuja palepale pa zamani, nimeweka ndoo.

Mama wa dirishani mnunulie ndizi kwa jina langu, na ukimpelekea usimwambie zimetoka kwa nani. Wakorofi tunajuana.

Nakukumbuka mno. Juzi nilikuwa napanga vitambaa vya kanisani vya kupiga pasi, kile cheupe kikubwa cha Meza ambacho tulikuwa tukikikunja mimi na wewe, kila mtu na pembe zake mbili, tunasogeleana mpaka tunagongana vichwa. Peke yangu hakikunjiki. Nimekilaza kitandani nikakikunja hivyohivyo, kikatoka na makunyanzi.

Shangazi

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama wa dirishani amefariki. Ndizi zako alizila mbili, akasema zimeiva kupita kiasi, akaniomba ya tatu. Hakuna aliyekuja kumchukua. Tulimzika sisi wa jikoni na wauguzi wawili, na mimi niliimba kwa sababu hapakuwa na mwingine. Nilijikaza mpaka mwisho. Nilipofika nyumbani nikalia kama mtoto, na sijui kama nilikuwa namlilia yeye. Niliogopa, Shangazi. Niliogopa kuwa mtu wa kuzikwa na wageni, hata wawe wageni wema namna gani.

Sasa nisikilize. Kifaranga anataka kubatizwa. Si mimi niliyemwambia, ni yeye mwenyewe, amewaona wenzake. Nataka abatizwe hapo nyumbani, kwenye kisima cha kanisa letu, kwa maji yaleyale niliyobatiziwa mimi. Akaniuliza, "Babu atanishika mkono?" Nikamwambia kula chakula chako.

Nimekuuliza kuhusu baba, ukanijibu kuhusu mkanda wa cherehani. Usinifanye mtoto. Ananitaja? Hata kwa bahati mbaya? Akipita chumbani kwangu anatazama mlango? Nina haki ya kujua kama nina baba au sina. Nijibu hilo tu, mengine niandikie ukipenda.

Chiriku

3 Julai

Chiriku mwanangu,

Nisamehe kwa ukimya. Goti lilivimba, nikalala wiki mbili, halafu kazi zikarundikana, halafu nikaanza barua hii mara nyingi na kuichana. Hapo mwisho ndipo ukweli ulipo. Hayo ya mwanzo ni kweli pia, lakini mtu mwenye goti bovu mikono yake ni mizima.

Pole sana kwa mama wa dirishani. Nimemtaja kwenye maombi kwa jina hilohilo la dirisha, naamini linafahamika huko.

Swali lako nimelisoma mpaka karatasi imelegea. Siwezi kulijibu. Nimemwahidi mtu, na wewe unanijua, nikiahidi nimeahidi, hata iniue. Ninachokuomba ni hiki: acha kuuliza, panda basi uje. Nini kinakuzuia? Nauli nitatuma. Kama ni watu, watu wameshasahau, wana wengine wa kuwasema. Kama ni kiburi, mwanangu, nakwambia kwa upendo na kwa hasira pia, kiburi kimetosha. Mimi ndiye niliyekuosha na kukulisha tangu mama yako alipotutoka. Nazeeka. Nikisikia mlango wa nje unalia, bado naweka sindano chini.

Nakuonea uchungu na nakukasirikia, yote mawili.

Shangazi

19 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Tuko wazima.

Umeniita mwenye kiburi. Sawa. Basi nami nikwambie lile ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nilikusudia nife nalo.

Ile Jumapili baada ya jina langu kusomwa, wewe ulikwenda kumwuguza yule rafiki yako aliyekuwa mahututi, hukuwepo nyumbani. Jioni baba aliingia jikoni. Nilikuwa naosha vyombo. Hakunipiga, hakunitukana. Alisimama pale kwenye kabati la vyombo akaniambia, "Ondoka. Na usirudi mpaka nikuite." Nikafuta mikono, nikafunga mzigo. Ulipofika asubuhi ukakuta kitanda kitupu, ukadhani nimekimbia aibu.

Sikukimbia. Nilitumwa, na bado niko nilikotumwa.

Wewe unanijua, Shangazi. Aliponiambia nikiwa mdogo nisivuke barabara mpaka anishike mkono, nilisimama pale kwenye mvua hadi alipokumbuka. Ni baba yangu. Amesema mpaka aniite. Kila lori la posta likisimama nje ya hospitali natoka kutazama, na miaka yote hii kila bahasha ina mwandiko wako. Nakushukuru kwa kila moja, na kila moja imenivunja kidogo kwa kuwa haikuwa yake. Unaona sasa kwa nini nauliza kama ananitaja?

Simchukii. Nimejaribu, ingekuwa rahisi zaidi. Nawapakulia watu chakula, naimba, nasali na mtoto wangu jioni, na nina amani, nakuapia ninayo, mpaka pale Kifaranga anapouliza habari za babu. Hapo mwanga wote unazimika, nabaki kule jikoni kwetu na mikono yenye sabuni.

Sitakuandikia tena mpaka aniite. Si kwa hasira. Nimechoka tu kusubiri kwa barua.

Mwanao

18 Agosti

Chiriku wangu, roho yangu,

Leo sisalimii wala sisimulii habari za cherehani. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Halafu nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya: nimevunja ahadi. Nimevunja mbili mfululizo, ya kwako na ya baba yako, na Mungu anisamehe au anipe tuzo, achague mwenyewe.

Uliuliza kama bado anagawa vikombe. Hagawi. Jumapili ya kwanza ya Meza baada ya wewe kuondoka alichukua sinia kama kawaida yake, akaanza mbele, akashuka safu kwa safu. Alipofika nyuma, kwenye lile benchi la mlangoni nafasi yako ilikuwa tupu. Unalijua benchi lile, alilitengeneza yeye mwenyewe kama yote. Akasimama. Kanisa zima linamsubiri. Akamkabidhi mzee mwenzake sinia, akakaa pale ulipokuwa umekaa. Hajainuka tena.

Kila Jumapili yuko pale, Chiriku. Siku ya Meza wanampitia na yeye anaweka mikono magotini. Mchungaji alikuja nyumbani, akamwambia, mzee, wewe hujatengwa na mtu, rudi mahali pako. Baba yako akamjibu maneno mawili: "Mwanangu hajala." Wazee wakakaa kikao juu yake. Maskini, utaratibu wa kumtenga mtu upo, wa kumrudisha mtu aliyejitenga mwenyewe haupo. Wakaomba, wakanywa chai, wakaenda makwao.

Mimi akaniapisha nisikwambie. Alisema, "Akijua, atarudi kwa kunionea huruma. Nimeshamwamrisha vya kutosha maishani mwake. Aje akipenda mwenyewe, na asipopenda, ana haki." Na wewe huko ukaniapisha nisimwambie unamwuliza. Nami nikawatii wote wawili kama mjinga, nikakaa katikati na mdomo uliofungwa pande zote. Tunaimba nuru kila Jumapili, halafu ndani ya nyumba moja tunafichana kama wezi. Nimejiona, mwanangu.

Jana nilimfuata karakana na barua yako mkononi. Alikuwa anaranda mlango. Nikamwuliza, "Kaka, wewe ulimwambia mtoto asirudi mpaka umwite?" Akaacha kuranda.

"Nani kasema?"

"Yeye. Anasubiri kuitwa. Miaka yote hii anasubiri kuitwa."

Akaniangalia kama nazungumza lugha ya kigeni. "Mimi nilisema hivyo?"

Hakumbuki, Chiriku. Nakwambia kwa sababu tumemaliza kufichana. Anakumbuka alikuwa jikoni, anakumbuka ulikuwa unaosha vyombo, anakumbuka hasira. Neno lenyewe hana. Akaketi kwenye ule mlango aliokuwa anauranda, akauliza tena, "Nilisema hivyo? Akanitii?" Nikamwambia ndiyo, alikutii. Jamani, sijawahi kumwona kaka yangu vile, hata siku ya msiba wa mama yako. Alilia akiwa na maranda ya mbao kwenye nywele, wateja wanapita barabarani, hakujali.

Nikampa kalamu. Nikamwambia, andika neno moja, andika "Njoo," nitalipeleka posta sasa hivi. Akaishika, akaigeuza, akanirudishia. Akasema neno lililomfukuza mtoto lilitoka mdomoni, si kwenye karatasi.

Leo asubuhi nimeamka hayupo. Karakana imefungwa. Koti lake la Jumapili halipo, na bahasha yako yenye anwani haipo pia. Chiriku, kaka yangu hajapanda basi tangu ujana wake, na akipotea hawezi kumwuliza mtu njia, unamjua. Barua hii inaweza kufika kabla yake au baada yake. Ikifika kabla, mtazamie. Mimi hapa nasali huku nashona, nimeshona mkono wa shati kwenye kola.

Shangazi yako

2 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Barua yako imefika leo. Yeye alifika wiki iliyopita.

Tulia kwanza. Ni mzima, ila miguu ilivimba kwa kukaa. Alipotea mara mbili na hakuuliza njia hata mara moja. Yuko hapa, anatengeneza kiti kilichovunjika, na Kifaranga amemkalia kichwani na maswali yake. Tunakuja wote watatu mwisho wa mwezi, ruhusa nimeshapewa. Mwambie mchungaji aandae maji. Na kile kitambaa cha Meza usikikunje.

Sasa nikusimulie, maana yeye hatakusimulia.

Pale jikoni chakula tunakigawa kwa tundu la ukutani, limewekwa chini kwa ajili ya wanaokuja na viti vya magurudumu. Kwa hiyo mimi sioni nyuso. Naona mikono na sahani tu. Ilikuwa mchana, foleni ndefu, ninapakua na kuimba. Ikaja sahani, nikapakua. Ikaja nyingine. Halafu ukaja mkono ambao sahani yake ilikuwa inagonga ukingo wa tundu. Nikautazama. Kidole cha shahada hakina ncha, kimekatwa na msumeno zamani kabla sijazaliwa.

Shangazi, upawa ulinishinda. Nikainama mpaka nikaona koti la Jumapili, nikaona kidevu, nikamwona. Alikuwa amepanga foleni na wagonjwa kama mtu yeyote, kwa sababu mlinzi alimwambia anayemtaka mkuu wa jiko apange foleni. Kwa kweli mlinzi alikuwa anamtania.

Akasema, "Nimekuja kukuita."

Sauti ndogo, sikuwahi kuijua. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, ya miaka yote. Nilichosema ni, "Baba, ngoja kwanza. Kuna watu nyuma yako."

Akasogea pembeni, akasimama na sahani yake tupu. Nikapakua huku siwaoni watu kwa machozi, sijui nani nilimpa mara mbili na nani nilimnyima. Yule mzee wa besi, ambaye siku hizi huja kliniki tu, akaanza kuimba ili kunisaidia. Mpaka wa mwisho alipopata, baba alikuwa bado amesimama palepale.

Nikafungua mlango wa jikoni nikamwingiza. Nikampakulia, nikajipakulia na mimi, tukakaa kwenye benchi tunalomenyea viazi. Akavua kofia, akainamisha kichwa aombee chakula. Akaanza, "Baba yetu, mwanangu huyu..." Akashindwa. Akaanza tena, akashindwa.

Nikamshika mkono, nikamalizia mimi. Halafu tukala.

Mwanao, Chiriku